Fundi wa Mabomba ya Turbo

Fundi wa mabomba ya turbo, mashine inayosukuma hewa kwenye injini ya gari, pale Kawaguchi huchagua mabomba kwa sikio. Sehemu za moto, karibu na injini, huweka chuma kisichoshika kutu. Hewa ikishapoa, huweka alumini. Kila bomba huligonga kwa ukucha, akaliinamia na kulisikiliza. Mitsue, mkewe, hajawahi kuinamiwa hivyo. Siku hiyo mteja alitaka titani, madini mepesi yanayoharibika yakichomelewa yakiwa na jasho la kidole, kwa hiyo fundi alivaa glavu nyeupe, akalifuta bomba kwa spiriti. Mitsue akaingia, katoka hospitali.

“Baba Nao, wamesema ni saratani. Wanalikata titi Alhamisi. Wanataka mtu wangu awepo.”

Fundi alizungusha bomba kwenye mwanga. “Alumini ingetosha,” alisema, “ila huyu anataka wepesi.”

“We mwanamume, umenisikia?” Akasogea, akashika meza, na vidole vyake vikagusa bomba.

“Aa! Mikono mitupu, mama Nao?”

Fundi akachukua kitambaa safi, akazifuta alama za vidole vya mkewe polepole, kwa upole ambao Mitsue hakujua kuwa mumewe anao. Mitsue alingoja mumewe ainue uso. Fundi akaligeuza bomba, akaanza upande wa pili, naye Mitsue akatoka kwenda kumpigia dada yake simu.