Nyota Moja ya Fundi Saa

Basi lilimshusha saa tatu asubuhi katika mji ambako hakuwa na ndugu wala mteja, na fundi saa akajikuta anatamani lingempitiliza. Mkononi alikuwa na kikaratasi chenye jina la mtaa. Alimuuliza muuza magazeti, akaelekezwa. Akamuuliza na mwanamke aliyekuwa akipiga deki kwenye kizingiti cha benki, akaelekezwa kule kule, kwa hiyo hata kisingizio cha kupotea alikikosa. Duka lilibanwa kati ya duka la rangi na kinyozi: kioo safi, viti vinne vya plastiki, na ukutani picha ya bibi anayecheka, mkono sikioni.

Nyuma ya kaunta alikuwa yeye, yule dada. Alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi.

"Shikamoo, baba," alisema, hata hakumtazama vizuri. "Karibu ukae."

Aliitikia marahaba, asikae. Ile heshima ilimchoma kuliko tusi, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba hajatambuliwa. Mwaka mmoja nyuma, katika mji wa kwao fundi, dada huyu huyu alimuuzia kifaa cha kusikia cha mama yake. Wiki mbili baadaye, fundi akammaliza kwa maandishi.

Kwao alikuwa na majina mawili. Kwenye kibanda chake cha chini ya ngazi za posta walimwita Fundi; mtandaoni walimwita Mkweli. Mambo yalianza kama mzaha. Alinunua redio ikafa siku ya tatu, akaiandika, watu wakacheka na kutaka zaidi. Akaandika pasi, simu, feni, chaja. Hakupokea hata soda ya mtu; kampuni ikimtumia zawadi, aliirudisha na kuweka picha ya risiti ya posta. Akisema betri ya simu fulani ni maneno matupu, wenye maduka walijua mzigo huo utalala. Mkewe alimtania kwamba amejipa uhakimu wa vitu visivyo na mdomo.

Kisha kikaja kifaa cha mama. Bei yake ilimfanya alalamike tangu mlangoni. Dada alipotaka kumwonyesha namna ya kukiandaa kabla ya kukivaa, alimkatisha. Alimwambia amekaa miaka thelathini na lenzi jichoni, anashika skrubu ambazo yeye hata kuziona hawezi, leo aje kufundishwa kitu kikubwa kama harage? Foleni nzima ilicheka. Dada naye akacheka kidogo, kwa adabu, akakifunga.

Nyumbani mama hakusikia kitu, siku ya kwanza mpaka ya kumi na nne. Fundi akaandika. Nyota moja. Kampuni ya wezi, kopo tupu kwa bei ya ng'ombe. Akaweka picha ya risiti, yenye jina la muuzaji, na mwisho akaongeza: "Huyu alichukua hela akanipa boksi, hata neno moja la maelekezo hakunipa." Sentensi ile aliiandika haraka, kama anayefunga kifungo cha mwisho cha shati. Maoni yale yalisomwa kuliko chochote alichowahi kuandika.

Miezi minne baadaye mkewe alikitoa kabatini ili akigawe. Akaona kitu kinang'aa, akakikwangua kwa ukucha, na utando wa nailoni, mwembamba kama ganda la kitunguu, ukabanduka kwenye tundu la sauti. Wakamvisha mama, aliyekuwa anachambua mchele. Mama akauliza nani anasaga kitu saa hizi. Ilikuwa feni.

Fundi alinyamaza. Alinyamaza miezi minane, akiandika vingine na kuitikia jina la Mkweli. Mpaka mama, ambaye sasa alisikia hata sufuria ikianza kuchemka, akamsikia mteja mmoja akimsifu mwanawe: alivyolivua nguo lile duka mpaka likafungwa, na yule dada akatupwa tawi la mbali. Mama alingoja mteja aondoke. Hakupandisha sauti. Alimwambia tu kwamba alipokuwa hasikii, alimheshimu zaidi.

Ndiyo maana alikuwa hapa, amesimama kwenye sakafu iliyong'arishwa, hajui auweke wapi uso wake.

"Mimi ndiye Mkweli," alisema.

Dada aliweka chini mkanda wa gundi. Alimtazama kama anayelinganisha mtu na picha.

Habari ya utando ilitoka kwa urahisi. Hata alijikejeli, fundi mzima kushindwa na nailoni. Dada hakucheka; alisema huwatokea wengi, ndiyo maana huubandua mwenyewe mbele ya mteja. Fundi akatoa simu, akamwonyesha masahihisho aliyoyaandika njiani: alikosea, kifaa ni kizima, nyota tano, anaomba radhi.

Dada alisoma mpaka mwisho.

"Umesahau sentensi moja."

"Ipi?"

"Unaijua, baba. Meneja aliisoma mbele ya wenzangu wote."

Fundi alianza kueleza kwamba watu wenye akili wataelewa.

"Utando ungempata yeyote," dada alisema. "Pale ulikosea. Ile nyingine uliitunga."

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaandika. Kwamba dada alitaka kumwelekeza. Kwamba yeye alimkatisha na kumfanya achekwe na watu. Kwamba aliandika kinyume chake akijua, na huo ulikuwa uongo. Akatuma kabla mkono haujabadili mawazo.

Majibu yalianza kumiminika hajafuta hata miwani. Wa kwanza aliuliza wamempa ngapi. Wa pili alisema kumbe naye ana bei. Wengine walimpa pole: bila shaka ametishwa, wao wanajua ile nyota moja ndiyo ya kweli, na yule mwanamke ni mwizi tu. Walimtetea kwa kumtukana dada upya, kwa jina.

Dada alizunguka kaunta, akasoma juu ya bega lake. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka.

"Hata mimi nilieleza," alisema. "Nilieleza wiki nzima."

Fundi aliuliza kama anaweza kuzungumza na meneja. Haikusaidia. Unga ulishamwagika: mkataba ulikuwa unaisha siku hiyo hiyo bila kuongezwa, na dada alikuwa anahamia kwa ndugu yake wa kike mwenye duka la madaftari. Fundi akainuka ampokee boksi.

"Hapana, baba. Wewe una kazi hapo." Alionyesha simu kwa kidevu.

Alimwita mwenzake atoke stoo ashike kaunta, akaaga, akausukuma mlango kwa bega. Kupitia kioo fundi alimwona akilihamishia boksi kiunoni, akisubiri pikipiki ipite, kisha akavuka.

Majibu yalikuwa yameshapita mia. Fundi alirudi kwa yule wa kwanza, akamwandikia kwamba hajapewa kitu, na kwamba dada alisema kweli tangu mwanzo. Akaenda kwa wa pili. Yule mwenzake dada, sasa yuko kaunta, akamuuliza kama kuna mtu anamsubiri.

Fundi akasema hakuna, akaomba tu aruhusiwe kukaa.