Rota ya Lori la Andrea

Dominiko hakuwa fundi wa kusifiwa, na mwenyewe hakubisha. Alijua aina moja tu ya gari: lile lori la jeshi lenye pua bapa, ambalo yeye na rafiki yake Andrea waliliendesha kwenye matope ya Burma walipokuwa keya, askari weusi wa jeshi la Mwingereza. Vita vilipokwisha jeshi likauza magari yake mnadani, na Andrea akapata moja. Akaliweka Bigwa, barabara inapokomea chini ya mlima, likawa linabeba kabichi na maharage ya watu wa juu hadi sokoni Morogoro. Wanawake walioteremka na matenga kichwani tangu usichana wakapumzisha shingo. Wa kwanza wao alikuwa Paskalia, mke wa Andrea.

Mwaka wa hamsini na tatu Andrea alirudi na mvua, akaliacha lori mahali pake, akapanda nyumbani akitetemeka. Kichomi hakikumfikisha Jumapili. Ndugu walitaka azikwe na suti yake ya kanisani, lakini Dominiko akakataa katakata. Askari, alisema, huzikwa kiaskari. Akamvika koti la jeshi ambalo Andrea alilivaa kila siku ya kazi, akafunga vifungo mwenyewe huku machozi yakimdondoka. Mfuko wa kifuani ulikuwa na kitu kigumu. Akaupapasa kwa nje, akasema moyoni ni rozari, akauacha. Nani humpekua maiti mifukoni? Tena kuzikwa na rozari yake ni haki ya Mkatoliki.

Matanga yalipokwisha wakaenda kuliwasha lori, likagoma. Dominiko akafungua, akakuta rota haipo. Rota ni kidude cheusi kisichozidi kidole gumba, chenye ulimi wa shaba, kinachozunguka na kugawa moto kwenye plagi. Pasipo hicho lori zima ni banda la kuku. Jeshini walifundishwa kukichomoa kila wanapoliacha gari, adui asije akaondoka nalo, na Andrea alikuwa mtu wa kushika amri hata pale adui alipobaki kuwa mbuzi wa jirani. Basi nyumba ikapekuliwa, chini ya godoro, ndani ya makopo, darini kwenye mahindi. Hakuna kitu. Wakakubaliana kwamba mwizi aliingia wakati wa msiba, na mwizi huyo akalaaniwa kwa Kiswahili na kwa Kiluguru.

Kwa desturi ya Waluguru, mali ya Andrea ilimwendea mpwa wake, Lukasi, aliyefanya kazi stesheni. Hakuwa kijana mbaya. Alikuja, akaamkia, akasema lori likitembea atalimwachia mkaza mjomba libebe mboga. Likilala mpaka masika, atawapa wanunuzi wa vyuma chakavu. Goti la Paskalia lilikuwa bovu, watoto wadogo, na shamba lake lilikuwa juu kabisa, kwenye ukungu.

Dominiko akaanza kutafuta. Gereji za mjini zilikuwa na rota za magari mapya, na hakuna hata moja iliyokaa kwenye lori lile. Muuza vipuri mmoja alimcheka, akamwambia hata waliolitengeneza wameshalisahau. Kwenye shamba moja la mkonge alionyeshwa lori pacha limezama majanini. Moyo ukamruka. Akafunua boneti, akakuta kuku anaatamia, na rota ilishang'olewa zamani na mwenye shida kama yake. Alipanda treni mpaka Dar es Salaam, akarudi mikono mitupu.

Mwishowe akachonga. Alichukua kipande cha mpingo, akakitia ulimi wa shaba aliokata kwenye ganda la risasi, akakipiga tupa mpaka kikakaa sawasawa. Lori likawaka! Watu wakapakia kabichi, na Paskalia akapanda mbele, amejifunga khanga mpya, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hawakufika mjini. Moto uliuunguza ule mti, kukanuka kama jiko la mkaa, injini ikakohoa, ikanyamaza. Dominiko alichonga tena na tena, lakini mti ni mti. Paskalia akajitwisha tenga, akaendelea kwa miguu.

Masika yalipokaribia Paskalia alimkuta Dominiko ameketi kwenye ngazi ya lori, amekata tamaa kabisa. Akaketi karibu naye, akafungua pindo la khanga.

"Shemeji, umehangaika na mafundi, hujahangaika na Mungu. Chukua hii, ni rozari ya Andrea. Alinitia mkononi kabla hajakata roho, na sijaiachia mpaka leo. Mwombe Mama Maria akuonyeshe kilipo."

Dominiko akaipokea kwa mikono miwili. Vidole vyake vikakumbuka kabla ya akili. Kile kitu mfukoni hakikuwa na shanga. Kilikuwa kimoja, kifupi, kama kidole gumba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Dominiko kilikuwa nguoni mwa marehemu, chini ya udongo mwekundu, na vifungo alivifunga yeye.

Kaburi la Mkristo halifukuliwi kwa ajili ya kabichi. Padre asingekubali, wala ukoo wa Andrea. Na Paskalia akishajua, kila akijitwisha tenga angekumbuka kwamba rafiki wa mumewe ndiye aliyemtwisha. Aliona haya, na aliogopa.

"Nitasali, shemeji," akasema.

Akasali kweli, ila hakuomba kuonyeshwa kitu.

Wanunuzi wakaja na nyundo na misumeno. Lori likaondoka Bigwa vipande vipande, na Dominiko alisimama wima mpaka kipande cha mwisho, kama aliyesimama mazikoni.

Baada ya hapo mara nyingi alikutana na Paskalia njiani, yeye akipanda, mwenzake akishuka na tenga, goti limefungwa kitambaa. Paskalia alikuwa akisimama kumpa pole.

"Usijilaumu, shemeji," alimwambia. "Wewe ulitafuta kila mahali."

Dominiko hunyoosha mikono ampokee tenga. Paskalia hukataa, husema limeshazoea kichwa chake, kisha huendelea kushuka.