Si Mimi Niliyelitengeneza Lile Gari

Asubuhi ile mke wangu alinitoa kitandani kwa kunivuta mguu.

"Mzee, amka. Naitaka injini kabla haijapata moto."

Gari letu la kulalia safarini lilikuwa la zamani, na injini yake ilikaa chini ya kitanda. Ukiitaka, unakunja godoro, unainua ubao, hiyo hapo. Valvu zake hupimwa injini ikiwa baridi, na baridi ni asubuhi. Kwa hiyo zikianza kugongagonga, anayekosa usingizi ni mimi.

"Ningoje nimalize ndoto," nikamwambia.

"Kaimalizie kiti cha mbele."

Nikahamia mbele na blanketi langu. Yeye akakaa ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya shimo la injini, miwani puani. Akawa anapenyeza kile kibati chembamba cha kupimia, analegeza nati, anagusa skrubu kidogo, anakaza. Alipomaliza akarudisha ubao, akatandika godoro, akasonya kwa sababu nilikuwa sijachemsha maji. Tukanywa chai. Asubuhi ile haikuwa na jingine.

Wiki iliyofuata alianguka kwenye foleni ya duka la dawa. Moyo. Alifikishwa hospitali ameshakwenda.

Hilo nalinyamazia. Ninaloshindwa kulinyamazia ni la siku ya mazishi.

Wasifu aliusoma shemeji yangu, kaka wa marehemu, karani mstaafu. Ana kalamu nzuri. Alisoma kwamba marehemu alikuwa mke mwema, mshonaji, mpishi asiye na choyo, na kwamba uzeeni "alimsindikiza mumewe katika safari zake". Alinisindikiza. Kama begi.

Halafu akasimama mwenye gereji ya mtaani kwetu, yule wanayemwita Daktari. Akasema, "Mzee huyu mnamwona hivi hivi. Lile gari ni kuukuu, lakini linatembea mpaka leo kwa sababu analitengeneza mwenyewe, kwa mikono yake."

Watu wakanigeukia, wakanitikisia vichwa kwa heshima. Mimi. Na mwenye kazi yake amelala pale mbele yao kwenye sanduku.

Nikasimama. "Si mimi," nikasema. "Ni yeye."

Nikalinyooshea sanduku kidole.

"Injini ni yeye. Mimi hata plagi sijawahi kuifungua."

Binti yangu akanishika mkono. "Kaa, baba. Pole, baba. Kunywa maji." Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Masikini, kachanganyikiwa." Siku nzima nilisema neno moja la kweli, nikapewa glasi ya maji.

Wasifu ule ulichapwa, wajukuu wakagawiwa wautunze. Nikamfuata shemeji nyumbani kwake.

"Shemeji, uandike upya."

"Mazishi yamekwisha, shemeji. Niandike nini tena?"

"Kwamba alikuwa fundi wa injini. Wajukuu wajue."

"Dada yangu? Bibi wa watu, nimwandike kwamba alikuwa analala chini ya magari?"

"Hakulala chini. Alikaa juu, kitandani."

Akanitazama sana. "Hilo ndilo tusiliandike kabisa."

Mkewe akacheka huko jikoni. Mimi sikucheka.

Basi naandika mwenyewe. Shule sikuijua, na mkono wangu ulizoea mwiko wa uashi, lakini niliyoyaona niliyaona.

Mshonaji alikuwa, hilo kweli. Cherehani yake aliifungua mwenyewe, akaitia mafuta, akairudisha. Gari tulilinunua miguu yangu ilipokataa kupanda ngazi za ujenzi. Likaanza kelele, tukalipeleka kwa Daktari. Likakaa kwake mpaka majani yakaota magurudumuni, likarudi na kelele ile ile.

Mke wangu akauliza, "Hivi huyu alilifungua, au alilipiga picha tu?"

Akalifungua yeye. Kisha akaniita.

"Njoo uone walichokuwa wanatuficha. Mbona kila kitu kinaonekana?"

Ndivyo yalivyo magari yale ya zamani. Hakuna kompyuta, hakuna mfuniko wa plastiki wa kukukataza. Mkono unaingia. Fenibelti unaibonyeza kwa kidole, unajua imelegea au haikulegea. Spana chache, bisibisi, kitambaa. Kila alichokifungua alikilaza kwenye shuka kwa mstari, cha kwanza kushoto, ili kurudisha aanzie kulia. Vipande vya gauni alivipanga hivyo hivyo. Kabureta aliisafishia kwenye sinki letu la vyombo. Tukagombana. Safari iliyofuata akaisafishia pale pale.

Kwa hiyo mtu akiniambia ni kazi ngumu, ni ya wanaume, damu inanichemka. Si ngumu. Na yeye alipoiona si ngumu, akaifanya miaka yote ile, wakaichukua wakanipa mimi. Wangenisifu kwa kushona ingekuwa afadhali. Kifungo angalau najua kukirudisha.

Wala haikuanzia mazishini. Kuna siku tulikuwa tunapanda mlima, mvua inamwagika, gari likazima. Akakunja godoro. Dereva mmoja wa lori akasimama, mtu mwema, akashuka kwenye mvua ile akaja dirishani kwangu.

"Limekuwaje, mzee?"

"Muulize huyo."

Akachungulia nyuma, akamwona bibi kakaa kitandani na tochi mdomoni. Akanirudia mimi. "Pampu ya mafuta umeiangalia?"

"Muulize huyo, nimekwambia."

"Itakuwa pampu."

Mke wangu akatoa tochi mdomoni. "Mwambie si pampu. Ni platini."

Platini ni vyuma viwili vidogo kama kucha, vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate moto. Vikichafuka, gari halina la kufanya. Akavisugua kwa msasa, akapima nafasi yake, akafunga. Muda wote huo bwana yule yuko nje analowa, ananieleza habari za pampu.

"Washa," mke wangu akasema.

Nikawasha. Likawaka hapo hapo.

Dereva akafurahi utadhani ni lake. Akaingiza mkono dirishani anipongeze. "Hongera, mzee. Mikono yako ina dawa."

"Si mimi. Ni huyu."

Akacheka. "Wazee mna utani nyie."

Mkono wake bado uko mbele yangu, unachuruzika maji, na mimi nimeuacha hapo hapo. Mke wangu alikuwa anajifuta vidole kwa foronya yangu. Hata kichwa hakuinua. Akasema:

"Mpe mkono, mzee, asizidi kulowa. Wangu una grisi."