Jina Juu ya Siling

Wifi yangu Evarista ana mdomo, ana nyundo, na ukimkorofisha hujui kipi kitaanza. Ni fundi siling. Kabla hajapigilia ubao wowote anaandika jina lake kwa penseli, upande wa juu usioonekana. Marehemu baba yake alimfundisha hivyo: kazi unayoona aibu kuiandikia jina, shuka kwenye ngazi.

Mimi ni muuguzi wa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Wodi yetu ya zamani ilijengwa kwa ramani ya joto la Dar, matundu ya hewa juu ya kila dirisha, na sisi huku Kilolo Julai maji yanakata vidole! Akina mama wakawa wanaziba matundu kwa vitenge. Hita ziliwaka kutwa, joto lote linatorokea darini. Umeme ukikatika, tunalia. Anjela, mtoto wa kwanza wa Evarista na kaka yangu, aliishi mle siku nne. Baridi ilimchukua mikononi mwangu.

Ilipojengwa wodi mpya, ramani ilitaka pamba nene itandazwe juu ya siling ili joto lisitoke. Wifi aliiomba kazi hiyo kwa magoti, yeye asiyemwomba mtu chumvi.

Wiki ya ukaguzi ikafika, pamba bado. Lori lililoibeba lilikuwa limeharibikia njiani, Nyololo. Msimamizi, Marcelino, akamwambia, "Pigilia tu, mama. Nani atapanda kuchungulia?"

"Mimi nimeshapanda," akajibu, akashuka na nyundo yake.

"Ukitoka hapa usirudi!"

"Thubutu! Narudi, tena na pamba."

Nikamwambia, wifi, utakosa kibarua. Kesho yake alikwenda Nyololo, akasimamisha lori la Fuso lililobeba viazi, akabembeleza, akagomba, akarudi amekalia mabunda ya pamba, vumbi mpaka kwenye kope. Marcelino aliyatazama mabunda, akamtazama yeye, akaenda kumshikia ngazi.

Julai hii umeme ukakatika asubuhi, kwa muda wa saa tatu nzima. Kila baada ya robo saa nilikuwa nakimbilia kipimajoto. Wodi ilishuka digrii mbili tu. Njiti kumi na mmoja, wote wazima, wanadai maziwa kwa kelele. Jamani, nilicheka peke yangu kama chizi.

Fundi umeme, Anania, alipofungua ubao mmoja wa siling kufuata waya, akaniita. "Dada, huyu Anjela ni fundi wa wapi?"

Nikapanda, nikaisogeza pamba. Ubao ule, na wa pili yake, na wa tatu, zote zimeandikwa Anjela kwa mwandiko wa wifi. Jina lake mwenyewe hakuliweka hata kwenye mmoja.

Machozi yalinitoka, lakini nilijibu kwa sauti, wodi nzima isikie:

"Huyo ni binti yetu. Mimi ndiye shangazi yake."