Kihindi cha Wiki Tatu

Nilipopata nafasi ya kusomea uuguzi India, mama yangu aliogopa jambo moja tu: kwamba nitalala njaa. "Huko utaomba chakula kwa lugha gani?" aliniuliza tukichuma chai kwetu Nyamache. Akasema sitapanda ndege mpaka nijue kusema na watu wa huko.

Zilibaki wiki tatu. Mjini Kisii kulikuwa na mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa hapo hapo, aliyezungumza Kigusii kunishinda. Nilipomwomba anifundishe alicheka. Nyumbani kwao walisema Kigujarati. Kihindi alikiokota kwenye filamu. Mchagua jembe si mkulima. Nikavuta kibao tukaanza.

Yeye alitaka tuanze na njaa, kiu na choo. Bahati mbaya mama yangu alikuwa amekuja kusimamia masomo asiyoyaelewa, na aliposikia maana ya sentensi ya kwanza alikunja uso. "Huyu nimemlea, mama," akamwambia mwalimu. "Hawezi kutangaza njaa kwa watu." Kwetu mgeni akikaribishwa chakula husema ameshiba. Mwenyeji humbembeleza, mgeni akakataa tena, na mara ya tatu hunawa mikono kana kwamba anawasaidia. Anayekubali mara ya kwanza amemwaibisha mamake. Hofu na aibu zikipigana ndani ya mama yangu, aibu hushinda. Basi nikafundishwa kusalimu, kuulizia wazee na mvua, na kusema kwa upole "pet bhar gaya", tumbo limejaa. Hilo nililitamka vizuri mno. Mama akaridhika, nikasafiri.

Jioni ya kwanza bwenini nilipanga foleni. Mpishi, mzee mwenye masharubu, akainua upawa wa dengu. Nikatabasamu: "Pet bhar gaya." Nikangoja anibembeleze. Akaitikia kwa kichwa na kumpakulia aliyenifuata. Asubuhi nikarudia kwa sauti zaidi, nikidhani hakusikia, akanisifu kwa Kihindi changu, kisha akasema, "Anayefuata." Siku mbili niliishi kwa biskuti na hasira. Niliwaona ni watu wasio na adabu hata kidogo.

Mama alipopiga simu kuuliza nimekula nini, nilimweleza yote nikilia, na nikamlaumu waziwazi. Akakata simu. Nilijua nimemkosea.

Kesho yake mchana alinipigia nikiwa kwenye foleni. Alikuwa dukani kwa mwalimu wangu. Nilimsikia mwalimu akimnong'onezea kitu.

"Mpe simu huyo mpishi," mama akasema.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini mama yangu haambiwi hapana. Mpishi akaweka simu sikioni. Mama alipaza sauti, jinsi watu wa kwetu wanavyofanya wakiongea na mtu aliye mbali, na foleni nzima ikasikia: "Meri beti bhuki hai." Binti yangu ana njaa. Akairudia mara tatu, wasije wakafikiri anasema kwa adabu tu.

Mpishi alicheka mpaka akaweka upawa chini, halafu akanijazia sahani na kunirudishia simu. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia mama akimwomba mtu chakula, hata kwa Kigusii. Nilikula nikilia, naye akabaki kwenye simu akisikiliza mpaka nikamaliza.