Siku Mama Mukwe Aliponifungia Ndani ya Nyumba Niliyomtengenezea

Mwanangu, iko siku moja ya mwezi wa tisa ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau: siku mama mukwe wangu aliponiita kwa jina, uso kwa uso, akaniamuru niingie ndani ya nyumba yake. Nyumba yenyewe nilikuwa nimeitengeneza mimi. Nikaingia, na mlango akaufunga.

Usicheke. Ninyi wa leo mnakula bukari, ugali wetu, sahani moja na wakwe zenu, mnapiga nao picha za simu mmeshikana mabega. Sisi hapa Kamina, kwa desturi ya Kiluba tuliyolelewa nayo, mwanamume hamtazami mama mukwe machoni. Hali chakula mbele yake. Akikutana naye njiani anaingia majanini mpaka mama apite. Kuingia ndani mwa nyumba yake? Jamani! Hapo unalipa kuku, na aibu yake hailipiki.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia kwamba ile karatasi ya kuthibitisha kwamba jengo la uzazi limetengenezwa sawasawa, ambayo mimi mzee Ngoy nimekataa kuitia saini, sasa wanataka kuileta kwako, kwa kuwa fundi anayenifuata mtaani ni wewe. Nitafika huko. Kwanza ujue jinsi nilivyokuwa mjinga.

Nilikuwa kijana, fundi mwashi, nimetoka kujifunza kazi Lubumbashi na kichwa kimevimba. Mke wangu Mwadi alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama yake mke. Mama mukwe, mama Umba, alikaa katika nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa la nyasi lililoshuka chini mpaka mtu ainame kupita. Nikasema, mtoto wangu mimi azaliwe chini ya nyasi? Haiwezekani. Nikatuma ujumbe kwa wajomba wa mke wangu kwamba nitaifanya nyumba ile upya, na wote wakafurahi. Mkwe anayejenga, nani atamkataa?

Niliondoa nyasi zote nikaweka mabati, manjanja kama tunavyoyaita huku, yaking'aa mpaka barabarani. Dari sikuweka, niliona ni kupoteza mbao. Ukingo wa paa nikaukata mfupi, ukuta ukabaki umelikabili jua uso kwa uso. Upande wa magharibi nikaweka dirisha kubwa la kioo kisichofunguka, kwa sababu niliona moja kama hilo kwenye ofisi ya mtu mkubwa Lubumbashi. Kwamba ofisi ile ilikuwa na mashine ya kupoza hewa, hilo sikuliuliza. Kuuliza si ujinga, lakini kijana mwenye mwiko mpya mkononi anauliza nini? Juu ya kuta kulikuwa na matundu ya hewa, popo walipita humo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nikaziba mpaka pua za nyumba!

Watu walikuja kutazama. Walisema, huyu njo mkwe, ndiye hasa. Siku ya kukabidhi niliuweka ufunguo juu ya jiwe uani, nikageuka, na mama mukwe akauokota nilipokwisha kumpa mgongo. Ndivyo tulivyoheshimiana. Tangu hapo sikuingia tena humo, maana kazi ilikwisha na nyumba ilikuwa yake.

Mwadi alijifungua humo mtoto wa kike, katikati ya mwezi wa tisa, mvua bado haijanyesha na jua linapasua ardhi. Kwa desturi mama na mtoto hukaa ndani, hawatoki uani mpaka kitovu kidondoke. Kila siku kazi ikiisha nilikwenda na makala, makaa ya kupikia, na samaki wakavu wa Kinkondja kule ziwani, nikasimama kwenye ua, nikapaza sauti ya heshima kuuliza hali. Na mama mukwe, amenipa mgongo, alijibu kila siku neno lile lile: "Tuko muzuri, mukwe."

Tuko muzuri! Nami nikarudi kwangu nikipiga mluzi. Nilimsikia mtoto akilia, nikasema ana mapafu ya baba yake. Siku ya tatu kilio kikawa chembamba, nikasema ameanza kuzoea dunia. Ee Mungu wangu, nisamehe.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Nilitoka misa na shati langu jeupe, nikapita kwa wakwe mchana, saa nane, wakati ambao sikuwahi kufika. Sikusikia kilio chochote. Nilipofungua kinywa niulize hali, mama mukwe akageuka. Akanitazama. Mwanangu, miguu yangu ilitaka kukimbia, lakini macho ya mama yule yalinishika pale pale.

"Ngoy! Ingia mu nyumba."

Nikainamisha kichwa, nikarudi nyuma hatua mbili. Nilidhani amepatwa na wazimu.

"Ingia, nakuambia. Kuku ya kulipa, minyi mwenyewe njo nitaitoa. Ingia uone kazi yako."

Nikaingia. Mwadi alikuwa amekaa chini kwenye sakafu, kitenge kimelowa jasho, mtoto mapajani, uchi. Mtoto alikuwa mwekundu, amejaa vipele shingoni na kifuani, kinywa wazi, titi liko midomoni na hanyonyi. Mwadi aliinua kichwa. Alinitazama tu, na mpaka leo nikikumbuka macho yale natafuta mahali pa kujificha. Mama mukwe akampokea mtoto, akatoka naye pamoja na Mwadi mpaka kwenye jiko lake la nyasi nyuma ya nyumba. Kitovu kilikuwa bado hakijadondoka! Lakini alikwisha kuvunja mwiko mmoja, wa pili haukumzuia. Kisha akarudi peke yake, akasimama mlangoni.

"Weye ikala apa. Mutoto nitamufunika na kitambaa ya maji baridi, na minyi nitapika bukari. Hautatoka mpaka iive."

Akafunga.

Nisikudanganye. Nilianza kwa kukasirika. Mimi fundi, mwanamume mwenye mke na mtoto, nafungiwa na mwanamke! Hasira haikudumu hata muda wa maji kuchemka. Bati lilikuwa linalia juu ya kichwa changu, ta, ta, ta, kwa moto. Jua la magharibi lilipita kwenye kile kioo changu cha fahari likanipiga usoni. Nikatafuta upepo, upepo gani? Niliuziba mwenyewe, kwa saruji. Shati langu la misa liliganda mgongoni. Nikagusa ukuta, ukuta nao unatoa joto. Nikaanza kulia kama mtoto, na nililia kwa kuwa yule wa kwangu alikuwa amekaa humo siku nne na hakuwa na neno la kuniambia.

Mlango ulipofunguliwa niliuliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza: "Mama, mbona hamukuniambia?"

"Nani angekuambia?" alisema. "Mwadi, mwenye weye njo bwana yake? Ao minyi, mama mukwe? Kwa kinywa gani? Nyumba ulinipatia zawadi, zawadi haisemwi. Sasa uniambie weye, fundi: hii iko nyumba ao iko furu ya kuchomea matofali? Mutoto wako haiko tofali, Ngoy!"

Nilichukua nyundo. Sikuvua hata shati. Nilibomoa matundu yale, yote, nikaling'oa lile dirisha na kioo chake kikavunjika, na majirani wakaja wakidhani naachana na mke. Kila mara nilishuka kwenye ngazi nikachungulia jikoni. Bado hanyonyi. Napanda tena, napiga. Nikashuka, bado. Jua lilikuwa linakaribia miti ya kanisani niliposikia Mwadi akiita jina langu, si kwa kilio. Mtoto alikuwa ameshika titi, ananyonya kwa pupa, ngumi zimekunjwa. Nilikaa chini kwenye vumbi, nyundo ingali mkononi.

Wiki zile walikaa jikoni, chini ya nyasi, pale ambapo niliona ni aibu. Mimi nikaifanya nyumba upya mara ya pili. Niliweka dari ya mikeka ya mafunjo iliyosukwa Kinkondja, nikaacha nafasi kati yake na bati ili joto lipate njia ya kutokea. Matundu pande mbili, madirisha ya mbao yanayofunguka, na ukingo wa paa mrefu kama mkono wa mtu mzima. Kabla ya kurudi ndani, mama Umba alitoa sheria yake: fundi akae humo saa nane mchana, mlango umefungwa, tangu maji yawekwe motoni mpaka bukari iive. Akitoka na shati kavu, watu wahamie. Akitoka amelowa, arudi kazini. Tangu siku ile sijakabidhi nyumba hata moja, ya mtu mkubwa au ya maskini, bila kukaa humo kwanza.

Sasa tuje kwenye karatasi yako.

Jengo la uzazi la mtaa wetu lilipoanza kufanyiwa ukarabati, enjenia alileta kijitabu cha vipimo vya majengo mapya na ya zamani yanayotengenezwa upya. Mafundi vijana walikicheka. "Norme ya bazungu," walisema. Nikaomba nisomewe. Kumbe! Dari na nafasi juu yake. Madirisha yanayofunguka pande mbili. Kivuli juu ya kuta zinazopigwa na jua. Na kipimajoto kitundikwe ndani na kingine nje kivulini, saa nane mchana, na cha ndani kisipite cha nje. Nilicheka mpaka nikakohoa. Wazungu gani? Mama Umba hakukanyaga darasa hata siku moja, na kijitabu chote kile alinifundisha kwa sufuria ya bukari.

Lakini mkandarasi aliyepewa kazi ile hakuweka dari. Matundu ameyachora tu kwenye ukuta kwa rangi, hayapiti hewa. Nilipomuuliza akasema, ah papa, tutafunga klimatizere, ile mashine ya kupoza hewa. Klimatizere! Ndani ya chumba cha bati tupu! Hiyo ni kuteka maji kwa pakacha. Kwenye paa kuna pano za jua, vibao vya kutoa umeme, na ziliwekwa kwa ajili ya taa ya kuzalishia na friji ya chanjo. Mashine ile itakunywa betri yote kabla jua halijazama, halafu mama atazalishwa kwa tochi ya simu. Jengo lililojengwa vizuri halihitaji hata nusu ya umeme huo, na hilo njo jambo lote lililoandikwa kwenye kijitabu.

Nilikaa humo saa nane, kwa kiti changu. Nilitoka nimelowa. Nikaiweka kalamu mfukoni. Mkandarasi akanibembeleza: "Papa Ngoy, sinye tu. Chumba ya kwanza iko inatumika tangu mwezi jana, na hakuna mama hata moja mwenye alilalamika."

Hapo damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia, nani alalamike? Mke wa askari aliyeletwa kituo cha jeshi kutoka mbali, hajui Kiluba, hajui nani ni nani hapa, aanze kugombana na nesi ambaye mkononi mwake yuko mtoto? Msichana wa kijijini anayezaa mara ya kwanza? Ama ni kitoto chenyewe kilalamike? Adhabu ya kaburi aijua maiti, bwana, na maiti hasemi! Mnakaa kwenye ofisi zenu mkingoja malalamiko kama mimi nilivyongoja uani, na ninyi pia mtaambiwa tuko muzuri.

Basi wamekasirika. Wanasema nimezeeka, na ni kweli. Wanasema nazuia maendeleo, na huo ni uongo. Wamekuja mara tatu, mara ya mwisho na mkubwa mmoja wa mjini, nami nimewaambia mara tatu: hapana. Sitatia saini leo, sitatia kesho, wala mkono huu hawatauinua wao.

Wewe watakuja kwako kwa maneno matamu. Watakuambia una maisha mbele, kazi nyingine zinakuja, mzee amechanganyikiwa. Mwanangu, nasaha yangu naiweka wazi, usiseme sikuisema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: usiipime nyumba kwa kung'aa kwake barabarani, ingia, funga mlango, kaa. Usingoje anayeteseka akuambie, maana wengi wamefungwa vinywa, wengine kwa heshima, wengine kwa hofu, na wengine bado hawajajua kusema. Kipimo kipo ili kiseme kwa niaba yao. Anayekudharau kwa kukifuata, mwambie akae humo saa nane na mtoto wake mwenyewe. Na ukiona kosa ni lako, shika nyundo siku hiyo hiyo. Aibu ya kubomoa haimwui mtu.

Sasa nenda. Vidye, Mungu wetu, akupe mkono mzito kwenye kalamu na mwepesi kwenye nyundo. Akupe mtu wa kukuita kwa jina siku utakapokosea. Na katika kila nyumba utakayoijenga, mtoto alale usingizi mchana kutwa, na mama yake asipate sababu yoyote ya kuuliza ni nani aliyeijenga.