Pipa la Mwisho la Fundi

Kiwandani walimwita Mama Pua, naye hakununa, kwa kuwa pua ndiyo iliyomlisha. Kazi yake ilikuwa kuonja wiski iliyolala ghalani miaka mingi na kusema kama imeiva. Akisema imeiva, pipa linamwagwa na wiski inatiwa chupani. Akisema bado, hakuna wa kumbishia.

Pipa moja lilikuwa likimshinda. Wiski yake, ya kimea cha shayiri tupu, ilizeeka kwanza katika pipa jingine, kisha ikahamishiwa humo kupata utamu wa mwisho, maana pipa lenyewe liliwahi kubeba mvinyo mwekundu. Aliyelikaza pete za chuma ni marehemu mumewe, fundi mapipa, muda mfupi kabla ya kuugua. Mengine yote ya mkono wake yalikwisha kumwagwa. Hili, kila zamu yake ilipofika, Mama Pua alionja, akatema kama watemavyo waonjaji wote, akasema bado.

Siku hiyo mkuu wa ghala, mdogo wa marehemu mumewe, aling'oa kizibo mwenyewe.

"Shemeji, na leo bado? Au tunasubiri iote mvi?"

"Mbona wewe umeota mvi na akili bado?"

Shemeji akacheka, kisha akashusha sauti. "Hata mimi namkumbuka kaka. Lakini leo onja wiski tu."

Mama Pua akainamia glasi. Zabibu kavu zilimpokea, kisha asali, na chini yake harufu ya mbao zilizobabuliwa moto, ile iliyokuwa ikiingia nyumbani jioni na shati la mumewe. Alitamani abaki hapo hapo. Akatia funda kinywani. Utamu ukaja, ukatulia, na mwishoni kabisa ulimi ukamkauka kama aliyetafuna majani ya chai. Hapo akaelewa. Mbao zilikuwa zimeanza kuila wiski. Akisema bado tena, kazi nzuri ya mumewe itageuka uchungu, na mharibifu atakuwa yeye.

Shemeji alimsogezea ndoo ya kutemea. Akaisukuma kando, akameza.

"Imeiva," alisema. "Ilikuwa imeiva tangu mwaka jana."

Shemeji akaenda kuwaita watu wa pampu. Pipa jingine lilikuwa likisubiri kuonjwa, na maji ya kusukutua kinywa yalikuwa tayari mkononi. Mama Pua aliyashika tu, midomo ameifumba, ladha ikimtoka polepole.